Pima Maji ya Februari Kabla ya Kuchimba Bwawa

Hotuba kwa vikundi vya wafugaji wadogo wa samaki, Kisumu

Akina mama, akina baba, vijana wa vikundi na wazee wa ufuoni mliofika, hamjambo?

Kila tunapokutana na wafugaji, iwe Nyando, Vihiga au Busia, swali ni lile lile: bwawa gani ni bora? La udongo, la laina (karatasi nzito ya plastiki), tangi la saruji, au kizimba cha wavu ziwani? Jibu lipo, ila liko shambani kwako, na utalipata mwezi wa Februari. Mwezi wa Aprili kila mtu ana maji. Chemchemi zimefufuka, mitaro imejaa, na hata shimo la kuchomea takataka linaweza kufuga samaki kwa wiki tatu. Maji ya kufugia ni yale yanayobaki jua likishawaka tangu Krismasi. Kwa hiyo leo sitawauzia bwawa. Nitawaeleza kila chombo kinadai nini, kisha kila mmoja ajihukumu mwenyewe.

Tuanze na kupima. Chukua mtungi wa lita 20, uutege pale maji yanapotoka, utazame saa. Ukijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde, yaani karibu lita 43,000 kwa siku. Bwawa la udongo la mita 20 kwa 15, lile la mita za mraba 300 ambalo wengi wenu mmeliona, lenye kina cha sentimita 80 upande mmoja na mita 1 na sentimita 10 upande wa pili, hubeba takriban mita za ujazo 230 ukitoa mteremko wa kingo. Kwa nusu lita hiyo litajaa kwa siku tano au sita. Hilo ni zuri. Lakini kujaza si kazi. Kazi ni kulifanya libaki limejaa.

Wakati wa kiangazi, jua na upepo huondoa karibu milimita 5 za maji kila siku, na ardhi nzuri ya mfinyanzi hunywa nyingine kama 5. Hiyo ni sentimita moja. Mtu akisikia sentimita moja anacheka. Zidisha kwa mita za mraba 300 upate lita 3,000, au mitungi 150 ya lita 20, kila siku, Jumapili ikiwemo. Kama maji yako ni ya kuchota kisimani kwa kamba, bwawa hilo si lako. Lako ni dogo zaidi, au ni la laina, ambalo halinywi na ardhi. La laina lenye uso wa mita za mraba 60 litakudai mitungi kama 15 tu kwa siku, na hiyo kijana mmoja ataimudu kabla ya chai.

Sasa udongo. Chimba shimo linalofika kiunoni pale unapotaka bwawa liwe. Asubuhi lijaze maji hadi ukingoni. Jioni utakuta yameshuka, usife moyo, kwa sababu udongo mkavu lazima unywe kwanza. Jaza tena, funika kwa majani ya mgomba, uende ukalale. Asubuhi ya pili, maji yakiwa yamebaki mengi, udongo huo utashika. Yakiwa yameisha, usijidanganye kwamba samadi itaziba. Samadi huziba kidogo kwa miezi mingi. Haigeuzi mchanga kuwa mfinyanzi. Chimba mashimo mawili au matatu, si moja, maana mshipa wa mchanga unaweza kupita kona moja tu ya bwawa, na kona hiyo moja ikamwaga bwawa zima.

Katika nyanda za Kano udongo mweusi unashika maji vizuri mno, lakini ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Bwawa la udongo huo lisiachwe wazi juani kwa miezi, na kingo zake zipewe mteremko wa taratibu zaidi. Mabonde ya Kisii na Vihiga yana chemchemi tele, ila huko tatizo ni kinyume: maji yako juu mno ardhini, bwawa linajijaza lenyewe na haliwezi kukaushwa. Bwawa lisilokauka utashindwa kulivua vizuri. Busia, sehemu nyingi ukishapita udongo wa juu unakutana na mchanga. Na ndugu zetu wa Nakuru, sehemu nyingi kwenu ni udongo wa majivu ya volkano. Unalimika kwa raha, lakini maji hupita kama kwenye chujio. Huko laina haiepukiki. Kuna na jambo la baridi, nitalifikia.

Bwawa la udongo ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu mahali udongo na maji vinapokubali, hakuna kinacholipiku kwa mfugaji mdogo. Matope yake yanazaa chakula. Ukitia rutuba kidogo, maji yanageuka kijani, na ngege (tilapia) anachuja ule ukijani siku nzima bila kukutoza hela. Kwenye laina na tangi chakula hicho ni kidogo, na kwenye kizimba unategemea gunia la chakula karibu kwa kila kitu.

Kosa la kwanza katika kulijenga ni kudhani bwawa ni shimo. Bwawa ni kuta. Kwenye ardhi yenye mteremko kidogo huchimbi mita nzima; unachimba kama nusu, na udongo uliotoka ndio unaoinua kuta. Ukichimba shimo tupu la mita moja na nusu, maji hayatatoka bila pampu, na mvua kubwa italeta matope ya shamba zima humo ndani.

Pigia vigingi, kisha uondoe udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30, uuweke kando. Usiutie ndani ya ukuta hata kidogo. Mizizi ikioza inaacha mirija, na kaa na panya wataipanua. Chini ya mahali ukuta utakaposimama, chimba mtaro wa kina cha sentimita 50 na uujaze udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, ili ukuta ujifunge na ardhi. Hapo ndipo unapoanza kupandisha ukuta, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 20 au 30, likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Kikundi kinachorundika udongo wote siku moja na kuukanyaga juu juu kitauona ukuta ukizama mvua ya kwanza.

Upana wa juu wa ukuta uwe mita moja, mtu apite na toroli. Upande wa ndani, kwa kila mita moja ya kwenda juu, ukuta urudi nyuma mita mbili. Najua inakula eneo, na mwenye robo ekari ataona uchungu. Lakini ukuta uliosimama wima utaliwa na mawimbi madogo ya upepo hadi uporomoke. Kutoka usawa wa maji hadi juu ya ukuta acha sentimita 30. Ule udongo wa juu uliouweka kando sasa urudishe juu ya kuta, upande nyasi fupi zinazotambaa. Usipande nyasi ya mifugo ile ndefu, na miti iwe mbali angalau mita tano, kwa sababu mizizi yake hutafuta maji na majani yake huoza ndani.

Bomba la kutolea maji huwekwa kabla ya ukuta kufungwa, si baada. Bomba la plastiki la inchi 4 lipite chini ya ukuta kwenye upande wenye kina, mdomo wake ukiwa chini kuliko sakafu ya bwawa. Katikati ya ukuta lizungushie kola ya zege, maana maji hupenda kutambaa juu ya bomba laini na kuchimba njia. Upande wa ndani funga kiwiko na bomba la kusimama lenye urefu wa kina cha maji. Bomba hilo likisimama, maji ya ziada yanamwagika juu yake. Ukiliinamisha, bwawa linakauka. Funika mdomo kwa wavu. Bomba la kuingizia nalo liwe juu ya maji kama sentimita 20, ili maji yaanguke na kubeba hewa, na ili samaki wasipande kwenda kwa jirani. Hapa napo funga wavu. Samaki wa mtoni wakiingia bila kualikwa, hesabu yako yote imeharibika.

Ule usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta unatuhusu sisi moja kwa moja. Pitia upande wa nje wa kuta kila wiki. Ukiona mahali pamelowana wakati kwingine kumekauka, hapo pana njia ya maji, na leo inazibika kwa ndoo tano za mfinyanzi.

Kabla ya samaki, tia chokaa ya shambani kilo 30 hadi 60 kwenye bwawa hilo la mita za mraba 300, ukiinyunyiza sakafuni na kwenye kingo. Udongo mwekundu wa nyanda za juu mara nyingi una tindikali, na bila chokaa samadi haifanyi kazi. Jaza maji, subiri wiki moja au mbili. Samadi kavu ya ng'ombe, kilo 15 kwa wiki, ining'inie kwenye gunia lililotobolewa pembeni mwa bwawa badala ya kumwagwa. Kipimo cha kijani ni mkono wako: uzamishe ukiwa umenyoosha kiganja. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, maji yamezidi kuwa mazito. Acha samadi, ongeza maji safi. Ukikiona hata maji yakipita kiwiko, bado hayajaiva. Kijani kikizidi, mchana mwani huzalisha oksijeni kwa wingi, usiku huivuta yote, na saa kumi na moja alfajiri utakuta ngege wamepanga midomo juu ya maji wakihema. Hapo usiwape chakula. Fungua maji mapya mara moja.

Idadi: ngege watatu kwa mita ya mraba, yaani 900. Ukipoteza mmoja kati ya watano, utavua kama 720. Wakifika gramu 300 baada ya miezi saba au minane kwenye joto letu la ziwa, hiyo ni kilo 216, na utakuwa umetumia chakula karibu kilo 350. Mtu akikuambia weka kumi kwa mita kwenye bwawa lisilo na mashine ya hewa, muulize atakayezika ni nani. Na uweke madume pekee, kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Ngege huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na bwawa lililochanganyika litajaa samaki wa ukubwa wa kidole wanaokula chakula cha watu wazima. Kambare wachache, mmoja kwa kila ngege kumi au ishirini, watasafisha vitoto hivyo. Ila waingizwe wakiwa wadogo kuliko ngege, la sivyo watamla yule uliyemfuga.

Kabla sijaondoka kwenye udongo, niseme la mahali. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa bado wanakisimulia, na vidimbwi vya karibu na ufuo vikamezwa pamoja na samaki wake. Ukijenga bondeni, uliza wazee maji yalifika wapi mwaka 2020, kisha upande juu zaidi. Na maji ya mto hayachukuliwi hivi hivi. Kibali chake kinatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Sasa laina. Hii ni karatasi nzito ya plastiki, na ya kufugia samaki isiwe nyembamba kuliko milimita 0.5. Wengi hununua laina ndogo kwa sababu wanapima mdomo wa shimo tu. Tufanye hesabu pamoja. Shimo lenye mdomo wa mita 10 kwa 6 na kina cha mita 1.2, kuta zikilala nyuzi 45, lina sakafu ya mita 7.6 kwa 3.6. Kila ukuta unaolala una urefu wa mita 1.7. Kwa urefu: 7.6, ongeza 1.7 mara mbili, ongeza nusu mita kila upande ya kufukia, jumla mita 12. Kwa upana vivyo hivyo, mita 8. Laina ya 12 kwa 8. Ukinunua 10 kwa 6 kwa sababu mdomo ni 10 kwa 6, utaishia na kidimbwi cha bata.

Kabla ya kuitandika, piga magoti uokote kila jiwe na ukate kila mzizi, kisha mwaga mchanga sentimita 5 au tandika magunia makuukuu. Uzito wa maji ndio unaotoboa, si ncha ya jiwe peke yake. Tandika asubuhi, plastiki ikiwa bado haijapata joto la kuinyoosha, na uache ilegee kidogo pembeni. Jaza maji nusu kwanza, ijipange, ndipo ufukie kingo kwenye mtaro wa sentimita 30 kuzunguka shimo. Sehemu iliyobaki wazi juani ndiyo hupasuka kwanza, kwa hiyo uifunike kwa udongo na nyasi.

Maadui wa laina ni fuko kutoka chini, kwato za mbuzi kutoka juu, na maji ya ardhini. Huyu wa tatu watu hawamjui. Ukitandika laina kwenye bonde lenye chemchemi, siku utakayokausha bwawa maji ya chini yatainua plastiki ivimbe kama mgongo wa kiboko, na viungo vitaachia. Mahali penye maji ya namna hiyo hapahitaji laina. Panahitaji bwawa la udongo, au kilimo cha nduma.

Jambo lingine, na hili naomba akina mama na akina baba mlisikie vizuri: kingo za laina ni telezi. Mtoto akiingia hawezi kutoka, hata mtu mzima anashindwa. Zungusha uzio, na utundike kamba yenye mafundo au ngazi ya matairi pande mbili. Usisubiri bwawa lijae ndipo ukumbuke.

Ndani ya laina hakuna matope ya kumeng'enya uchafu, kwa hiyo mabaki ya chakula yanajikusanya chini na kuoza. Lipe sakafu kashimo upande mmoja, na kila wiki nyonya uchafu kwa mpira wa bomba, ukitoa maji ya chini badala ya kumwaga yale safi ya juu. Maji hayo yapeleke kwenye sukuma wiki. Kwa kweli wapo wanaofaidi mboga kuliko samaki, na sioni ubaya.

Vidimbwi vya mbao vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vile vinavyopigwa picha sana, ni laina ile ile iliyobebwa na ubao. Vinafaa mjini, Nakuru au Kisumu, kwenye ua wa nyumba ya kupanga, kwa sababu unaweza kuvihamisha. Lakini fundi wa makabati si lazima awe fundi wa bwawa. Ukuta wa urefu wa mita 4 unaozuia maji ya kina cha mita 1 unasukumwa na nguvu ya karibu tani mbili, na msukumo mkubwa uko chini. Nguzo ziwe kila sentimita 60, zifungwe juu na chini, tena chini ndiko kuwe na ubao mzito. Ubao unaogusa ardhi upakwe dawa ya mchwa upande wa nje tu, isiguse maji. Umbo la duara, kwa wavu wa chuma au mabati yaliyofungwa pamoja, hubeba msukumo vizuri kuliko pembe nne, na uchafu hukusanyika katikati. Wapo pia wanaotumia matangi ya plastiki ya lita 1,000 yaliyotumika. Uliza kwanza yalibeba nini. Yaliyobeba kemikali hayaoshiki.

Tangi la saruji linadumu, na ndilo ghali kuliko yote nchi kavu. Saruji mpya inaua. Chokaa iliyomo hutoka taratibu na kuyafanya maji yawe makali, kipimo cha pH kikipanda juu ya 9. Lijaze, liache wiki moja, limwage, na urudie mara tatu, kisha upime kwa karatasi za pH. Kati ya 6.5 na 8.5 ndipo uingize samaki kumi wa majaribio kwanza. Sakafu iteremkie kwenye tundu la katikati.

Watu hujenga tangi ili waweke samaki wengi mahali padogo. Sawa, lakini wingi huo unanunuliwa kwa hewa na maji. Ukiwa na pampu ya hewa na ngege wamesongamana, stima ikipotea usiku unaweza kuanza kuwapoteza ndani ya saa moja. Bila jenereta au betri, usisonganishe ngege kwenye tangi. Fuga kambare, ambaye ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Kambare 20 hadi 30 kwa mita ya ujazo wanawezekana kwa kubadilisha maji. Ila wakiwa wadogo wachambue kwa ukubwa kila wiki mbili, kwani mkubwa humeza mdogo bila haya, na funika tangi kwa wavu, maana usiku wa mvua kambare huondoka kwa miguu yake mwenyewe, kama ana miguu. Ile mitambo ya kuzungusha na kuchuja maji yale yale ni ya mwenye stima ya uhakika na fundi wa kulipwa, kwa hiyo naipita.

Vyandarua vya kulelea vifaranga ni chombo kidogo ambacho kingewaokoa wengi. Ni wavu wa matundu madogo sana, mita 2 kwa 1 na kina cha mita moja, unaofungwa kwenye miti minne ndani ya bwawa lako. Ukinunua vifaranga vya gramu moja na kuvimwaga moja kwa moja bwawani, mdiria, chura na kenge watakula kabla hujahesabu. Vilee humo hadi gramu 10, wiki sita hivi, ukivipa chakula cha unga mara nne kwa siku. Ukipangusa kuvu na mwani kwenye wavu kila wiki, maji yatapita. Usipopangusa, vitakosa hewa katikati ya bwawa lenye hewa.

Basi twende ziwani. Vizimba vimeenea kasi katika ghuba yetu na upande wa Siaya, na vimeleta samaki wengi sokoni. Kizimba cha mfugaji mdogo ni mita 2 kwa 2 kwa 2: fremu ya mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, mapipa ya plastiki ya kuelea yaliyozibwa kabisa, wavu wa ndani wa kufugia, wavu wa nje wa kuzuia fisi maji na kenge, na wavu wa juu wa kuzuia mnandi. Matundu ya nusu inchi yanahitaji kifaranga cha gramu 10 kwenda juu. Sakafu ya wavu iachane na sakafu ya ziwa kwa mita tatu, hivyo usiweke kizimba hicho kwenye maji ya chini ya mita tano na nusu. Mahali penye kina cha mita 6, kila kamba ya nanga iwe mita 18. Kamba fupi iliyosimama wima hung'oa nanga wimbi likija.

Mita 8 za ujazo, samaki 800. Kuna wanaoweka 2,000 na wengine hufaulu, hadi siku ziwa linapogeuka. Upepo mkali unaweza kuinua maji ya chini yasiyo na oksijeni, na samaki wa kizimba hana pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi huku kwetu kwa kukosa oksijeni, na hasara ikawaangukia waliokuwa wameweka kila kitu humo. Dalili ni maji kubadili rangi au harufu na samaki kukataa chakula. Acha kulisha, na kama samaki wamefika gramu 250, vua uuze siku hiyo. Magugu maji nayo yakielekea kwako kwa upepo, ama unahamisha kizimba, ama unakesha ukiyasukuma.

Kwa maoni yangu, kikundi kinachoanza kisianze na kizimba. Kinataka mashua, mlinzi wa usiku, pesa za chakula kila wiki bila kukosa, na vibali: tathmini ya mazingira ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), idhini ya ofisi ya uvuvi, na makubaliano na BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, ya ufuo wenu. Ukikwama mwezi mmoja kununua chakula, bwawa la udongo litakustahi. Kizimba hakistahi.

Niliahidi la baridi. Ngege hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hukua kwa kujikokota, na chini ya 16 huacha kula. Nakuru iko juu ya mita 1,800, na usiku wake si wa Kisumu. Kule bwawa la laina lifunikwe kwa banda la plastiki kama la nyanya, lisiwe na kina chini ya mita moja, kwa kuwa maji machache hupoa haraka, na chakula kitolewe kuanzia saa nne asubuhi maji yakishapata joto. Panga miezi kumi badala ya minane. Wenye vijito baridi vinavyotiririka mwaka mzima juu Mlima Elgon wafikirie trauti, ambaye anataka maji chini ya nyuzi 20 na mkondo usiokatika. Huo ni ufugaji mwingine kabisa.

La mwisho ni yale mabwawa ya zamani. Mpango wa serikali wa 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, mengi yakiwa ya mita za mraba 300, na leo mengi ni makazi ya vyura. Usilifukie kabla ya kulipima. Lijaze sasa, uweke kijiti chenye alama, na utazame kwa siku saba. Likishuka sentimita 7 hadi 10 hivi, bwawa ni zima. Kilichokosekana kilikuwa chakula na usimamizi. Likaushe wiki mbili hadi sakafu ipasuke, ondoa matope yanayozidi sentimita 15, ng'oa miti iliyoota kwenye kuta pamoja na mizizi, shindilia mfinyanzi kwenye mashimo, badilisha bomba, tia chokaa. Likishuka sentimita 20 au zaidi, tafuta uvujaji kwenye bomba kwanza, kisha kona. Na likikauka lote kwa siku saba, eneo hilo lilikosewa tangu mwanzo. Chimba dogo ndani yake, la mita 10 kwa 6, ulitandike laina ile ya 12 kwa 8.

Nafasi ya maswali ipo sasa. Mliobeba udongo wa mashambani kwenu, pitieni meza ya kushoto kwanza, ndoo ya maji iko pale.